Jogoo Mpole kwa Matetea wa Nyumbani: Uchaguzi Ufaao Pwani ya Kilwa na Lindi

Tetea hahitaji jogoo ili atage. Yai hutokana na chembe ya uzazi inayopevuka katika ovari yake. Chembe hiyo hushuka katika mrija wa mayai, huvikwa ute, utando na ganda, kisha hutoka baada ya saa 25 hivi, kuwe na jogoo bandani au kusiwe naye. Jambo hili hufundishwa katika somo la biolojia, lakini nje ya darasa wako bado watu wanaoamini kuwa kuku asiye na mume hatagi, au kwamba yai lake halina nguvu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza familia ifuge jogoo wa aina gani, yafaa kuuliza kwanza kama familia hiyo inahitaji jogoo.

Nyumba iliyoko Kilwa Masoko au Lindi mjini, ambayo hununua matembe walio karibu kutaga na kutumia mayai yao kwa chakula na biashara, haina faida kubwa kwa jogoo. Atakula chakula, atawika usiku, na atalirutubisha yai ambalo hakuna anayekusudia kuliatamiza. Tena katika nchi ya joto yai lililorutubishwa lina udhaifu wake. Kiinitete kilichomo huanza kukua, ingawa kwa polepole, joto linapozidi nyuzi 21 za Sentigredi au karibu na hapo. Nyumba za pwani ya kusini hazipati baridi ya kiasi hicho ila mara chache, basi yai lililosahauliwa kiotani kwa siku nne au tano huweza kuwa limeanza safari ya kuwa kifaranga, na safari hiyo ikikatizwa huishia katika uvundo. Yai lisilo na mbegu ya jogoo halina safari hiyo, na ndiyo sababu huvumilia zaidi kukaa. Mwenye jogoo na mwenye nia ya kuuza mayai hana budi kuyakusanya kila siku na kuyaweka mahali pa kivuli penye hewa.

Hali ni tofauti vijijini. Katika vijiji vilivyotapakaa toka Nangurukuru hadi Mingoyo, kundi la kuku hujizalisha lenyewe: koo huatamia mayai yake kwa siku 21, huangua, na hulea. Bila jogoo kundi hilo humalizika. Huko ndiko swali la jogoo gani linakokuwa na uzito, na uzito wenyewe si wa faida peke yake. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ana kimo kifupi, na uso wake uko palepale jogoo anaporukia. Jogoo mkali hapigi kwa mdomo tu. Huruka na kuchoma kwa vikwaru, yaani zile kucha ngumu zilizo nyuma ya miguu, ambazo wengine huziita vipi. Pigo moja laweza kuharibu jicho. Hata tundu dogo la ngozi si la kudharauliwa, kwa kuwa kikwaru hukanyaga udongo na kinyesi siku nzima, na vijidudu vya pepopunda hukaa humo humo. Jeraha la namna hiyo huoshwa kwa maji mengi na sabuni, na majeruhi hupelekwa zahanati akaangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Chanzo cha ukali

Mwaka 1849 mtaalamu wa Kijerumani Arnold Berthold, katika mji wa Göttingen, alifanya jaribio kwa mapora sita, ambalo leo huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya homoni. Mapora aliowaondoa korodani zote walikua wakawa wanene na watulivu. Panga zao, yaani vile vilemba vyekundu vya kichwani, zilibaki ndogo, hawakuwika kama majogoo, wala hawakupigana. Wengine aliwaondoa korodani na kisha akapandikiza korodani ndani ya tumbo, mahali ambapo hazikuwa zimeungana tena na mishipa yake ya fahamu ya awali. Hao walikua wakawa majogoo kamili: waliwika, waliwania matetea, na waligombana. Berthold alikata shauri kwamba korodani hutia kitu fulani katika damu, na kuwa kitu hicho ndicho kinachogeuza mwili na tabia. Ilikuwa mpaka mwaka 1935 ndipo kemikali yenyewe ilipotengwa na kupewa jina la testosteroni.

Maana yake kwa mfugaji ni hii: pora wa miezi miwili hawezi kumwambia mtu atakuwa jogoo wa tabia gani. Homoni hiyo huongezeka anapokaribia kubalehe, kiasi cha mwezi wa nne hadi wa sita kwa kuku wengi wa kigeni, na baadaye kidogo kwa kuku wa kienyeji. Pora aliyekuwa akilala mapajani mwa watoto huweza kubadilika katika muda wa wiki mbili. Wengi hudhani amechokozwa au amerogwa. Ni damu yake iliyobadilika.

Sababu ya pili ni utaratibu wa jamii ya kuku wenyewe. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyechapisha uchunguzi wake katika miaka ya 1921 na 1922, alionyesha kuwa katika kila kundi kuku wamepangana kwa daraja: wa kwanza huwadonoa wote wala hadonolewi, wa pili huwadonoa wote isipokuwa yule wa kwanza, na kadhalika hadi kwa mnyonge wa mwisho. Daraja hizo zikishajulikana ugomvi hupungua, maana kila mmoja anamjua mkubwa wake. Shule yenye banda la kuku inaweza kuyathibitisha hayo bila chombo chochote cha maabara. Matetea wanane wafungwe nyuzi za rangi tofauti miguuni, kisha wanafunzi waandike kila mara nani kamdonoa nani wakati wa chakula. Kuku wanane hufanya jozi 28, na katika muda wa wiki moja au mbili jedwali huanza kuonyesha ngazi yake. Pengine itatokea pembetatu, ambapo wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, naye wa tatu humdonoa wa kwanza. Nayo ni somo zuri la kuwa maumbile hayafuati mstari ulionyooka daima.

Jogoo anayewavamia watu aghalabu amewaingiza watu katika ngazi hiyo. Huwaona kuwa majogoo wenzake. Ndiyo maana pora aliyelelewa peke yake mikononi mwa watu, bila kuku wenzake, huweza kuja kuwa mkorofi kuliko yule aliyekulia nyuma ya mama yake: hakujifunza kuwa kuku ni kuku na mtu ni mtu. Huruma ya kumtenga kifaranga mmoja na kumfanya mwana wa nyumbani hugeuka taabu akishabalehe.

Je, upole hurithiwa?

Hurithiwa, ingawa si wote. Huko Kansas, Marekani, A. M. Guhl na J. V. Craig pamoja na wenzao walichagua kuku wakali wakawazalisha wao kwa wao, na wapole vivyo hivyo. Matokeo ya mwanzo waliyatoa mwaka 1960. Baada ya vizazi vichache koo hizo mbili zilitofautiana wazi. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, kundi la Per Jensen lilifanya kazi ya namna hiyo kwa kuku mwitu mwekundu wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote wa kufugwa. Walichagua tu wale wasiowaogopa sana watu, bila kutazama kitu kingine. Vizazi vilivyofuata viliongezeka ukubwa na kutaga mayai makubwa zaidi, ijapokuwa hakuna aliyewachagua kwa ajili hiyo. Yaelekea hivyo ndivyo ufugaji wenyewe ulivyoanza zamani.

Kwa kuwa tabia hurithiwa, ziko mbegu zinazosifika kwa upole. Vitabu vya wafugaji wa Ulaya na Marekani hutaja mara kwa mara Orpington, aliyetengenezwa na William Cook katika jimbo la Kent, Uingereza, mwaka 1886. Cochin, aliyeletwa Ulaya kutoka China katika miaka ya 1840. Na Brahma, mkubwa wa kutisha lakini mwenye mwendo wa mzee. Msomaji wa vitabu hivyo aliyeko Lindi angeweza kushawishika kuagiza mmojawapo. Asifanye haraka.

Mbegu hizo zilichaguliwa katika nchi za baridi. Zina manyoya mengi laini, na baadhi yao hadi kwenye vidole. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake, ambao joto lake la kawaida ni nyuzi 41 hivi, hupoteza joto kupitia ngozi iliyo wazi, upanga, ndevu za chini ya mdomo, miguu, na zaidi ya yote kwa kuhema. Kuhema hupoza kwa sababu maji huvukizwa katika njia ya pumzi. Lakini pwani, hewa ya Januari na Februari imekwisha kujaa mvuke, na mvuke zaidi haupati nafasi; kuku huhema sana na kupoa kidogo. Pamoja na hayo, kuhema kupita kiasi hufukuza hewa ya kaboni kutoka katika damu, damu hupungukiwa na chumvi zinazohitajika kutengeneza ganda, na tetea huanza kutaga mayai yenye ganda jepesi hata kama anakula makombe yaliyosagwa kila siku. Kwa jogoo, joto hupunguza ubora wa mbegu. Brahma chini ya bati mwezi wa Februari huenda akawa mpole kweli, lakini ni upole wa mgonjwa.

Walioko tayari nyumbani

Kuku hawakuzaliwa Afrika. Babu yao ni yule kuku mwitu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, na uchunguzi mkubwa wa vinasaba uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa tawi la kuku mwitu lililo karibu zaidi na wa kufugwa huishi sehemu za kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Vinasaba vya kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki vina nasaba zinazoelekea Bara Hindi na nyingine zinazoelekea Asia ya kusini-mashariki, jambo lisiloshangaza kwa pwani iliyoishi kwa pepo za kaskazi na kusi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuta kuku katika mchuzi aliokaribishwa Mogadishu muda mfupi kabla ya hapo. Karne nyingi za kuzaliana ovyo, kuokota chakula na kufa kwa kideri zimeacha kuku wa namna nyingi, na miongoni mwao wako wanaofaa na wasiofaa kwa shughuli tunayoizungumzia.

Anayejulikana kuliko wote ni Kuchi. Ni mrefu, shingo ndefu, kifua kipana, manyoya machache yaliyobana mwili, upanga mdogo, na macho makali. Umbo lake linafanana mno na la kuku wa kupigana wa Asia, na kwa kweli watu wengi wamemfuga kwa ajili ya kupigana. Bei yake ni kubwa na nyama yake ni nyingi. Je, anafaa kwa nyumba yenye watoto?

Hapa jibu la haraka huweza kukosea. Katika Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, Suzanne Millman na Ian Duncan walilinganisha majogoo wa mbegu tatu: wa mbegu ya nyama, wa mbegu ya mayai, na wa mbegu ya zamani ya kupigana. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2000 yaliwashangaza wengi. Majogoo wa mbegu ya nyama ndio waliowaonea matetea, wakiwafukuza na kuwajeruhi. Wale wa kupigana, walioteuliwa kwa vizazi vingi ili wapambane na majogoo wenzao, hawakuwa na ukatili wa namna hiyo kwa majike. Ukali si kitu kimoja. Uko ukali wa dume kwa dume, uko wa dume kwa jike, na uko wa kuku kwa mtu; kila mmoja huweza kwenda njia yake. Kuchi anaweza kuwa mtulivu kabisa mbele ya watoto na wakati huo huo akamuua jogoo wa jirani. Kasoro yake kwa mfugaji wa mayai iko kwingine: matetea wa Kuchi hawasifiki kwa wingi wa mayai, na jogoo huyo hawezi kukaa na dume mwingine katika vijiji vyetu ambamo kuku wa nyumba tano huokota chakula uwanja mmoja. Ugomvi wa majogoo huishia kuwa ugomvi wa majirani.

Kinyume chake, kuku anayestahili kutazamwa zaidi kuliko anavyotazamwa ni kishingo. Wako wanaomwona mbaya na hata kumcheka sokoni. Upara wa shingo yake hutokana na jeni moja yenye nguvu ya kudhihirika: kuku aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hubaki na kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili shingo yake huwa tupu karibu yote. Wa kwanza hupungukiwa na manyoya ya mwili mzima kwa kiasi cha asilimia 20, na wa pili kwa kiasi cha asilimia 40. Ngozi hiyo iliyo wazi ni dirisha la kutolea joto. Katika nchi za joto majaribio mengi yamethibitisha kuwa kuku wenye jeni hiyo hula vizuri zaidi na kukua zaidi wakati wa jua kali kuliko wenzao wenye manyoya kamili. Mwanafunzi aweza kukadiria mwenyewe: jogoo mwenye kishada akipandishwa kwa matetea wa shingo za kawaida, karibu nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Hili laonekana tangu siku ya kuanguliwa, na ni somo la Mendel lisilohitaji mbaazi.

Upo pia uzao wa mbegu za kigeni za wastani. Rhode Island Red, mwekundu wa Marekani, ametumika sana Afrika Mashariki kuboresha kuku wa kienyeji; huvumilia joto kuliko wakubwa wa manyoya, na mabinti wake hutaga vyema, ingawa majogoo wake wana sifa iliyochanganyika, wengine watulivu na wengine wakorofi. Black Australorp wa Australia, aliyetumiwa mno nchini Malawi kwa kazi hiyo hiyo, husifiwa kwa utulivu. Huyu ndiye aliyeweka rekodi ya miaka 1922 na 1923, matetea sita walipotaga mayai 1,857 katika siku 365. Mtu asitegemee hesabu hiyo mahali ambapo kuku anaokota machicha ya nazi na mchwa. Tena weusi wake hunywa jua, na atahitaji kivuli cha mwembe au mkorosho.

Mfugaji anayechagua mojawapo ya hao afahamu anachopata na anachopoteza. Kuku wa kienyeji wa kawaida hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa sababu muda wake mwingi huupitisha akiatamia na kulea. Mbegu za mayai zimeteuliwa kwa vizazi vingi ili ziache kuatamia. Jogoo wa mbegu hizo huwarithisha mabinti zake mayai mengi na pia usahaulifu wa kuatamia, na katika nyumba isiyo na mashine ya kutotoa, usahaulifu huo ni hasara kubwa. Watu wengi hulijua hili baada ya vizazi viwili, wakiwa na mayai mengi na hakuna koo. Yafaa daima kubakiza matetea kadhaa wa kienyeji halisi kwa kazi ya uatamiaji.

Ushujaa na ukali

Ipo hoja inayotolewa na wazee, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima: kwamba jogoo mpole hafai kitu, kwa kuwa hatawalinda vifaranga dhidi ya mwewe na nguchiro. Ni kweli kuwa jogoo ni mlinzi. Lakini kazi yake kubwa ya ulinzi si kupigana. Ni kutazama na kupiga kelele. Chris Evans na Peter Marler walionyesha mwaka 1993 kwamba jogoo ana milio miwili tofauti ya hatari. Akiona ndege wa mawindo juu, hutoa mlio mrefu, mwembamba, ambao ni vigumu kujua umetoka wapi. Akiona mnyama wa ardhini, hutoa mlio wa kukatika-katika wenye kelele. Matetea waliochezewa milio hiyo iliyorekodiwa, bila kuona adui yeyote, walitenda ipasavyo: kwa mlio wa kwanza walikimbilia kivulini na kujikunyata, kwa wa pili walisimama wima na kutazama pande zote. Jogoo hutangaza hatari na pia aina yake.

Kazi hiyo yahitaji macho na utulivu. Jogoo anayeshinda akimwinda mtoto aliyebeba kopo la pumba hana nafasi ya kutazama angani.

Kumtambua mwenyewe

Mbegu huonyesha uwezekano tu. Mwenye kufugwa ni kuku mmoja mwenye tabia yake. Njia iliyo bora kuliko zote, na isiyo na gharama, ni kutonunua jogoo mmoja mzima, bali kulea mapora watatu au wanne wa uzao unaofaa na kuwatazama hadi mwezi wa saba au wa nane. Wanaobaki huuzwa au huchinjwa Idi na Maulidi. Kosa la kawaida, na lenye kueleweka, ni kumchinja yule mtulivu kwa kuwa ni rahisi kukamatwa, na kumwacha mkorofi aliyewashinda watoto mbio. Nyumba inayofanya hivyo mwaka baada ya mwaka inafanya jaribio lile la Kansas pasipo kujua, ikizalisha kuku wakali.

Dalili za kutazama si za siri. Jogoo anayemsogelea mtu kwa ubavu, akiinamisha ubawa mmoja na kuzunguka kwa hatua fupi, hachezi. Huo ndio mwanzo wa changamoto. Vivyo hivyo anayesimamisha manyoya ya shingo, au anayedonoa ardhi kwa kishindo huku akimkazia mtu macho. Anayeondoka njiani taratibu mtu anapopita, akaendelea na shughuli zake, ndiye wa kutunzwa. Mbele ya matetea, jogoo mwema akipata mdudu hulia kwa sauti fupi za haraka, humwokota na kumwangusha, na huwaachia majike wale. Matetea walio na migongo iliyopukutika manyoya, panga zilizochanika, au wanaoshinda juu ya kichanja mchana, wanatoa ushahidi dhidi ya bwana wao. Hata hivyo mtu achunguze idadi kabla ya kuhukumu: jogoo mmoja hutosheleza matetea kama kumi, na nyumba yenye matetea watano na majogoo watatu itaona migongo mitupu hata kama wote watatu ni wapole.

Watoto nao hufunzwa. Wasimrushie mawe wala kumfukuza kwa fimbo kwa mchezo, maana kila pambano ambalo mtu hukimbia mwishoni humfundisha jogoo kuwa ameshinda. Mtu mzima anayevamiwa asipigane naye kwa mateke. Asimame, amkamate kwa utulivu, amshike kwapani mabawa yakiwa yamebanwa, na kutembea naye kidogo mpaka atulie. Baadhi hujirekebisha kwa njia hiyo. Asiyejirekebisha baada ya majuma mawili au matatu ni wa kitoweo, na ubora wa mbegu yake usiwe kisingizio, kwa kuwa tabia hiyo ataieneza kwa watoto wake wote. Katika kundi la matetea kumi na jogoo mmoja, kila tetea huchangia sehemu ndogo tu ya kizazi kijacho, ilhali jogoo huchangia nusu nzima. Tena ndege wana utaratibu wao wa kromosomu: binti hupata kromosomu yake ya Z kwa baba tu, kwani mama humpa W. Sifa zote zilizo juu ya Z, kama vile mistari ya manyoya ya kuku wa madoadoa, binti huzirithi kwa baba yake pasipo msaada wa mama.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na katika jambo hili methali na elimu ya magonjwa zinakubaliana. Jogoo aliyenunuliwa mnadani huweza kuleta kideri kabla hajawika mara tatu. Afungwe mbali na wenzake kwa majuma mawili au zaidi, apewe maji na chakula kwa vyombo vyake, na kundi lote liwe limekwisha kuchanjwa. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Nayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, jambo la maana kwa vijiji visivyo na jokofu. Aingizwe bandani usiku, matetea wakiwa wamelala, ili alfajiri imkute tayari yumo kundini.

Jogoo mmoja asikae zaidi ya mwaka mmoja na nusu au miwili katika kundi linalojizalisha, asije akapanda mabinti zake. Kubadilishana na kijiji cha mbali ni bora kuliko na jirani wa ukuta, ambaye pengine kuku wake ni ndugu. Na hapa liko jambo moja la kuzingatiwa katika hesabu. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo katika vijitundu vidogo ndani ya mrija wa mayai, na mbegu hizo huweza kurutubisha mayai kwa majuma mawili, hata matatu, baada ya jogoo kuondoka. Mwenye kumfukuza jogoo mkali siku ya Ijumaa na kuleta mpole Jumamosi bado atakusanya watoto wa yule wa kwanza kwa muda. Basi mayai ya siku 20 za mwanzo yaliwe au yauzwe, na koo awekewe yale yatakayofuata.